Tulivyomnyamazia Madamu Josefa

Niseme mapema, kabla hujaanza kunipenda: mimi ndiye niliyewafanya watoto arobaini wa darasa la nne kuwa mabubu. Wageni wa elimu walikuja shuleni kwetu Kilosa kuangalia kama Madamu Josefa anafaa kubaki kutufundisha Kifaransa, mimi nikawaambia wenzangu tusijibu hata neno moja. Wakanitii. Madamu akaondoka. Na wala sikuwa namchukia. Nilifanya vile ili abaki, na hapo ndipo ujinga wangu unapokuwa mkubwa kuliko wa mtu mwenye roho mbaya.

Sasa hivi niko kidato cha tatu. Darasani najulikana kwa kuchekesha na ofisini najulikana kwa hilo hilo, ila kule hawacheki. Hadithi hii nimewahi kuisimulia bwenini mara mbili. Wenzangu hucheka ninapofika kwenye mabubu, halafu mmoja huuliza, "Ehe, ikawaje?" Hapo huwa nakumbuka ghafla kwamba sijafua soksi. Juzi mwalimu wa kemia alikata ndimu maabara atuonyeshe asidi inavyobadilisha rangi ya karatasi. Harufu ilipofika dawati la nyuma, mdomo wangu ukaitaja wenyewe kwa Kifaransa, kwa sauti: "Citron." Darasa zima likaangua kicheko, maana huwa linacheka nikipiga hata chafya. Mimi sikucheka. Nilitamani kutoka nje.

Madamu Josefa alitoka Kigoma. Utoto wake mwingi aliupitisha ng'ambo ya mpaka, Burundi, akasoma huko mpaka Kifaransa kikamkaa mdomoni kama mate. Alikuwa mwalimu wa kujitolea anayesubiri ajira, amepanga chumba karibu na reli, nyumba ya nne kutoka kwetu. Walimu wengine wa kike tuliwaita mwalimu tu. Yeye alisema tumwite Madamu, nasi tukaamini ni cheo, kiko katikati ya mwalimu mkuu na mkuu wa wilaya. Nilimwuliza mama kama Madamu anaweza kumfunga mtu jela. Mama, ambaye alikuwa mpishi wa uji pale pale shuleni, akasema, "Wewe endelea hivyo hivyo, utakuja kumwuliza mwenyewe ukiwa ndani."

Kifaransa chenyewe kilianza kwa balaa. Siku ya kwanza tulijifunza salamu, na mimi nikaipeleka nyumbani ikiwa bado ya moto. Babu, baba yake mama, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mamboya. Mzee wa Kikaguru, mnyoofu kama nguzo. Nikasimama mbele yake nikasema, "Bonjour, babu."

"Nini?"

"Bonjour."

Aliniangalia kama nimemrushia jiwe. "Mtoto huyu ameniamkia au amenitukana?" akamwuliza mama kwa Kikaguru. Kesho yake alikuja shuleni na fimbo yake. Sisi tulijibanza dirishani tukisubiri vita. Madamu alitoka, akapiga goti vumbini na gauni lake safi, akasema, "Shikamoo, mzee." Vita ikaishia hapo, maana huwezi kumfokea mtu aliyekwisha kupiga goti. Waliongea, babu akacheka mpaka akakohoa. Kuanzia siku ile ikawepo sheria: mkubwa anaamkiwa shikamoo kwanza, bonjour inasubiri nje mpaka marahaba itoke. Ndivyo tulivyoingia darasani kila kipindi. "Shikamoo, Madamu." "Marahaba, wanangu." Halafu kimya kidogo, tumejaza mapafu, halafu, "Bonjour!" mpaka kuku wa mwalimu mkuu wanakimbia.

Hatukuwa na vitabu. Madamu alikuwa na kapu. Ndani mlikuwa na vitu vya jikoni: ndimu, kitunguu, kipande cha sabuni, kahawa iliyosagwa, dagaa wa kwao Kigoma. Anamfunga mtoto macho kwa khanga, anamsogezea kitu puani, na kuuliza hiki ni nini, swali ambalo sisi tulilisikia kama neno moja tu: "Keskese?" Unanusa, unataja. Ukikosea, darasa zima linakutajia kwa furaha ya kishetani. Sabuni tuliipenda kuliko vyote kwa sababu kwa Kifaransa inaitwa savon, tukakubaliana kwamba Wafaransa walipita Kilosa zamani wakaiba sabuni na jina lake.

Siku moja nilitia mavi ya mbuzi kwenye kapu, nimeyafunga vizuri kwenye karatasi. Nilisubiri Madamu apige kelele. Akafungua, akaangalia, uso haukubadilika hata kidogo. "Na hiki nacho kina jina," akasema. Akaliandika ubaoni. Akaniita mbele nilisome mara ishirini, kwa matamshi sahihi. Nalijua hadi leo. Ndilo neno la Kifaransa ninalolitamka vizuri kuliko yote, na sijapata pa kulitumia.

Bingwa wa kapu hakuwa mimi. Alikuwa Naserian, binti wa Kimasai ambaye wazazi wake walikuwa na boma upande wa mbugani, mwendo mrefu kutoka shuleni. Kiswahili chake kilikuwa cha kukwamakwama. Kwenye masomo mengine alikaa nyuma, kimya, na sisi tulimcheka kila alipofungua mdomo, mimi nikiwa kiongozi wa msafara. Lakini Kifaransa tulianza wote sifuri siku moja. Hakuna aliyemtangulia. Na pua ile! Hata ndimu ikiwa bado ndani ya kapu yeye ameshaitaja. Nikamwambia, "Wewe una pua ya ng'ombe."

"Ng'ombe anajua njia ya kwao," akanijibu taratibu, akitafuta kila neno. "Wewe jana umepotea kwenda chooni."

Darasa lilimshangilia dakika nzima. Madamu aligeukia ubaoni, mabega yanatikisika. Tangu siku hiyo Naserian alikuwa rafiki yangu, maana mtu aliyekushinda kwa maneno mbele ya watu arobaini ni bora umweke upande wako.

Sasa nieleze akili yangu ilivyofanya hesabu, kwa sababu ilikuwa hesabu kabisa, nilihakiki mara mbili. Darasa la tatu tulikuwa na mwalimu wa hisabati tuliyempenda sana. Wakaja wageni na mafaili, wakakaa nyuma ya darasa, sisi tukanyoosha mikono kama shamba la mkonge, tukajibu kila kitu. Wageni wakapiga makofi. Haukupita muda, mwalimu akapata uhamisho kwenda Morogoro mjini. Nililia. Mama akanituliza akisema, "Ndivyo ilivyo, baba. Walimu wazuri hawaachwi huku, wanachukuliwa." Nililiweka neno hilo kichwani. Wageni wanakuja, watoto wanajibu, mwalimu anachukuliwa.

Jioni moja Madamu alikuja kwetu kuazima pasi ya mkaa. Baadaye nilimwona mlangoni kwake anapiga pasi gauni la bluu ambalo sijawahi kumwona nalo, na viatu vya kufunika amevianika juani. Kwa macho yangu, mtu anayepiga pasi gauni jipya ni mtu wa safari. Asubuhi akatuambia, "Kesho mtapata wageni. Msiogope, wanangu. Waonyesheni tu mnachojua." Chaki ilimkatikia mkononi mara mbili. Kwa nini mtu atetemeke kama hajui anapelekwa mbali? Nilikuwa na ushahidi wote.

Wakati wa uji niliitisha kikao nyuma ya jiko. Mamlaka yangu yalitokana na ukoko. Mama alipomaliza kugawa uji, ule ukoko wa chini ya sufuria, wenye sukari na moshi, aliniachia mimi nigawe. Hakuna rais aliyewahi kuwa na nguvu zaidi.

"Kesho tukijibu, wanamchukua," nikasema. "Tusipojibu, nani atamtaka mwalimu ambaye watoto wake hawajui kitu? Watamwacha kwetu. Atakayefungua mdomo, ukoko hapati mpaka afike la saba."

"Na Madamu akilia?" Naserian akauliza.

"Atalia kidogo, halafu atabaki."

"Nani amesema atabaki?"

"Mimi nimesema."

Akaniangalia. Nadhani aliniamini kwa sababu nilikuwa najua Kiswahili vizuri kuliko yeye.

Wageni walikuwa watatu, wanaume wawili na mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo. Walikaa nyuma. Dirishani, nje, nilimwona mama yangu na mwiko wake mkononi, ameacha sufuria. Madamu alikuwa amemwambia aje asikilize: "Leo utamsikia mwanao." Mama alikuwa amebadilisha khanga.

"Shikamoo, Madamu," tukaimba. Hiyo nilikuwa sijaikataza, adabu ni adabu.

"Marahaba, wanangu." Akasubiri, anatabasamu, mkono ameuinua kama anayesubiri kwaya.

Hakuna kilichotoka. Nilisikia inzi.

Alicheka kidogo, akasema kwa wageni, "Wanaona haya." Akachukua kapu. Akamfunga macho mtoto wa kwanza, akampa kitunguu. "Keskese?" Mtoto akatikisa kichwa, machozi ya kitunguu yanamtoka chini ya khanga. Wa pili, sabuni. Sabuni, jamani! Wa pili akasema, "Sijui." Wa tatu vile vile. Gauni la bluu lilikuwa limeanza kulowa mgongoni.

Akamwita Naserian. Nilimwona anavyomfunga macho, polepole, kama mtu anayeshika yai la mwisho. Akamwekea ndimu puani. Midomo ya Naserian ikafunguka. Nilikohoa. Alikigeuzia kikohozi changu uso wake uliofungwa, akakaa hivyo, kisha midomo ikajifunga. Madamu akaisogeza ndimu karibu zaidi. "Mwanangu," akasema, si kwa Kifaransa, "hii unaijua."

Naserian akatikisa kichwa.

Ndipo akaniangalia mimi. "Wewe," akasema. "Wewe hujawahi kunyamaza hata siku moja. Niambie hii ni nini."

Nilimkonyeza. Nataka hilo lijulikane. Nilimkonyeza ili ajue ni mchezo, kwamba tuko upande wake. Hakuona, au aliona mtoto anayemdhihaki. Nikasema, "Sijui, Madamu," kwa ile sauti yangu ya kuchekesha, na wenzangu waliokuwa wameshikilia pumzi muda wote ule wakaangua kicheko.

Mama mwenye miwani aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa upole, "Labda ni wadogo mno, mwalimu."

"Hapana, wanajua," Madamu akasema. Akatuangalia wote, dawati kwa dawati. "Nilidhani wanajua."

Niligeukia dirishani. Mama hakuwepo tena.

Nyumbani alikuwa anachambua mchicha bila kuniangalia. "Mwaka mzima," akasema. "Zaidi ya ile bonjour ya babu, hamjui kitu?"

Hapo palikuwa na mlango. Ningeweza kupita. Lakini mpango ulikuwa mpango, na nilihofu mama akijua atakwenda kuwaambia wageni, nao watamchukua. "Hatujui, mama."

"Sasa mlikuwa mnafundishwa nini humo ndani?"

"Hamna kitu. Tunanusanusa tu vitu."

Mama akaacha kuchambua. Aliniangalia usoni kwa muda, nami nikampa uso wa mtoto msafi kabisa, uso ambao nimeufanyia mazoezi tangu kuzaliwa. Akaamini. Huo ndio ujuzi wangu pekee na niliutumia pale.

Wiki iliyofuata wazazi walikaa kikao shuleni. Watoto hatukaribishwi huko, kwa hiyo sikujua nani alisema nini. Jumatatu tulisimama kwa kipindi cha Kifaransa, shikamoo iko tayari mdomoni. Niliwaambia wenzangu amechelewa. Tukakaa. Tukasimama tena tuliposikia hatua, akaingia mwalimu wa zamu, akasema kipindi hiki kuanzia leo ni cha usafi, tukachukue mafyekeo. Tukafyeka majani nyuma ya vyoo. Naserian alikuja akasimama karibu yangu na fyekeo lake.

"Ulisema atabaki."

Nikafanya mzaha, sikumbuki upi. Alirudi kukaa nyuma kwenye masomo yote, kimya kama mwanzo, na hata nilipompa ukoko aliupokea akampa mwingine. Kabla hatujamaliza darasa la tano familia yao ilihama na ng'ombe wao kuelekea kusini. Sikumwambia kwa heri, nikijidai nina mechi.

Likizo iliyopita mama alinichukua twende Mikumi kumwona mama mdogo, aliyepata kazi ya kufua kwenye hoteli moja ya watalii pembeni ya barabara kuu. Mama mdogo alitukaribisha uani, nyuma ya majiko, ambako mashuka meupe yalikuwa yameanikwa mistari mirefu na nyani mmoja amekaa juu ya ukuta akiyaangalia kama msimamizi. Katikati ya mashuka alikuwepo mwanamke anakunja. Nilimjua kwa mikono kabla ya uso.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba," akasema, kisha akanitazama vizuri. "Mungu wangu. Wewe!"

Mama alimsalimu kwa adabu ya mbali, ya kupeana vidole tu, akaingia ndani na mama mdogo. Nilibaki. Nyuma ya uzio wakapita wazungu wawili wazee, wamepotea njia ya vyumba vyao, wakamwuliza kitu. Niliitambua ile lugha mara moja. Yeye alitabasamu, akawaonyesha kwa kidole, bila neno. Wakaondoka.

"Madamu, mbona hukuwajibu? Si Kifaransa kile?"

Alikunja shuka mpaka likawa dogo kama kitabu. "Siku hizi kinanigomea," akasema. "Unajua wale wageni waliniahidi nini? Wakiridhika, jina langu linapelekwa mbele, nabaki pale pale kwenu. Mwalimu mkuu aliniambia nisiwatie ninyi hofu, ndiyo maana sikuwaeleza." Akachukua shuka jingine. "Siwalaumu, mlikuwa watoto. Nilijilaumu mimi. Mtu akifundisha mwaka mzima na watoto arobaini mbele ya wageni wasikumbuke hata jina la sabuni, huyo si mwalimu, ana ndoto tu. Nikaacha kuomba kazi ya kufundisha. Ni bora nilijua mapema."

Alikuwa ameyasema bila uchungu, kama mtu anayetaja saizi ya kiatu chake. Mbele yangu alikuwepo mtu ambaye maisha yake yote yaliyofuata aliyajenga juu ya jambo la uongo, na aliyetunga uongo huo nilikuwa mimi, nimesimama pale na suruali ya jinzi, mdomo mzima. Nilihitaji sentensi moja tu. Unajua nilisema nini?

"Labda siku ile wote tulikuwa na mafua, Madamu."

Akacheka. Alicheka kweli, mpaka akaweka mkono kifuani, akasema, "Hujabadilika hata kidogo." Laiti angenipiga kofi.

Tulifika stendi mchana. Mama alinunua mahindi ya kuchoma, akanimegea nusu, tukakaa juu ya begi kusubiri gari la Kilosa.

"Mama. Siku ile tulikuwa tunajua."

"Siku ipi?"

"Ya Madamu. Tulikuwa tunajua kila kitu. Salamu, sabuni, ndimu, vyote. Mimi ndiye niliyewaambia wanyamaze. Nilidhani wanakuja kumchukua, kama yule wa hisabati. Na wewe uliponiuliza nyumbani, nilikudanganya."

Nilisema yote, mpaka kikohozi, mpaka kukonyeza. Sikuweka mzaha hata mmoja, na nilishangaa jinsi maneno yanavyokuwa machache ukiondoa mizaha. Mama aliacha kutafuna. Gari lilikuwa limekuja, konda ameshaurusha mzigo wetu ndani na anatuita tupande, abiria wanatusonya. Mama hakuinuka. Alikuwa ameliangalia lile hindi mkononi kana kwamba hajui limefikaje pale. Halafu akaniambia hivi, nami nayaandika yalivyo:

"Aliyesimama kwenye kikao cha wazazi akasema mwalimu yule hana anachofundisha, aondolewe, ni mimi. Mimi, baba. Na watu walinipigia makofi. Shusha begi, turudi kule. Utaanza kusema wewe, halafu nitasema mimi."